Tizani mu nyumba za wachimbaji: kikombe ni kizuri, lakini jani limetoka wapi?

Zamani, hapa Katanga, ukisema chai kila mtu alielewa kitu kimoja: majani meusi, maji ya moto, sukari mingi, na kama mshahara umeingia, maziwa ya unga kidogo. Mtu akikuuliza «Umekunywa chai?» hakutaka kujua habari ya kikombe. Alitaka kujua kama umekula kitu asubuhi mbele ya kwenda kazini. Chai ilikuwa mkate, ilikuwa mandazi, ilikuwa nguvu ya kusimama mpaka saa sita.

Leo neno hili limezaa watoto wengi. Ku soko ya Lubumbashi, ya Likasi ao ya Kolwezi, utaona mafungu ya sitroneli yamefungwa na kamba, tangawisi mbichi, unga wa moringa mu sashe, majani ya mapera, na maua mekundu ya ngai-ngai yaliyokauka, yale yanayopikwa bisapu. Mu maduka makubwa, rafu ya chai nayo imebadilika. Kuna rooibos ya Afrika Kusini, kuna kamomili, kuna menti, kuna paketi zenye picha ya matunda ya kila rangi. Watu wanazijumlisha zote mu neno moja la Kifaransa: tizani. Na wale wanaoshuka mu mashimo, wengine siku hizi wanabeba tizani mu termosi mahali pa kubeba pombe.

Sisi tunasema ni jambo jema. Lakini pamoja na majani haya yameingia maneno mingi. Banasema tizani hii inasafisha mapafu ya mutu wa mine. Ile inatosha kobalti mu damu. Ingine inaponyesha malaria bila kwenda dispanseri. Kwa familia ya mchimbaji maneno haya si mchezo, kwa sababu nyuma yake kuna franka za nyumba na kuna afya ya baba, mama na watoto. Njo maana tunapenda leo tuangalie kikombe hiki polepole: ndani kuna nini, kinafanya nini, na kitu gani hakiwezi kufanya.

Chai ni moja, tizani ni nyingi

Tuanze na majina. Chai yenyewe, ikiwa nyeusi ao kijani, inatoka ku mti mmoja ambao wataalamu wanaita Camellia sinensis. Mti huu unapenda milima yenye baridi na mvua, na hapa inchini kwetu unalimwa Kivu. Chai nyeusi na chai ya kijani zinatofautiana kwa namna majani yanavyotengenezwa kisha kuchumwa, lakini mti ni ule ule, na zote mbili ziko na kafeini, kile kitu kinachofukuza usingizi.

Tizani haina mti mmoja. Jani lolote, ua, ganda ao mzizi unaowekwa mu maji ya moto unaweza kuitwa tizani. Sitroneli ni majani marefu kama nyasi, yenye harufu ya ndimu; sehemu zingine za Congo wanaiita sinda. Kule Kinshasa wanajua sana bulukutu. Rooibos ni kichaka kinachoota mu milima ya Cederberg, Afrika Kusini, na tangu mwaka 2021 Umoja wa Ulaya unalinda jina lake, kusudi mtu mwingine asiuze kitu kingine kwa jina hilo. Sitroneli, bisapu, kamomili na rooibos hazina kafeini.

Na zile paketi za «chai ya matunda»? Usidanganywe na picha. Mingi kati yake, ukisoma maandishi madogo ya nyuma, utakuta kwanza maua ya ngai-ngai, vipande vya tofaa vilivyokauka, na kisha harufu iliyoongezwa. Ile rangi nyekundu unayolipa bei kubwa ni ya ngai-ngai, dada wa ile tunayopika nyumbani na samaki. Mama anayekausha maua yale mwenyewe anakunywa karibu kitu kile kile kwa bei ndogo.

Wala desturi hii si ngeni kwetu. Wazee wetu hawakungojea paketi kutoka ngambo. Munkoyo yetu, kinywaji cha mahindi kinachopata utamu wake kwa nguvu ya mizizi ya porini, ni ujuzi wa majani na mizizi wa tangu zamani, huku Katanga na ngambo ya mpaka, Zambia. Sisi ni watu wa mizizi. Kitu kipya ni biashara na maneno yake.

Kikombe kinasaidia nini?

Kinasaidia, na tuseme wazi. Mtu anayefanya kazi mu joto anapoteza maji mingi kwa jasho. Wataalamu wa afya ya kazi wanashauri kunywa kidogo kidogo: karibu kikombe kimoja kila dakika 15 ao 20 wakati kazi ni ya moto, bila kungojea kiu. Wengi hawafanye vile kwa sababu maji matupu yanawachosha mdomo. Tizani ya sitroneli iliyopoa, bila sukari ao na sukari kidogo sana, inashuka vizuri. Kama ladha inakufanya ukunywe lita mbili mahali pa nusu lita, basi sitroneli imefanya kazi yake.

Kisha kuna sukari. Chupa moja ya suke ya dukani inabeba sukari mingi sana, na kuna wanaokunywa tatu kwa siku. Kubadilisha mbili kati ya hizo kwa bisapu ya nyumbani yenye sukari kidogo ni faida kwa meno, kwa uzito, na kwa mfuko.

Kuna pia usingizi. Baba unayetoka kazi ya usiku, ukifika nyumbani saa moja ya asubuhi, unakunywa chai nyeusi nzito, kisha unalala na unageuka-geuka mu kitanda mpaka saa tano. Usilaumu watoto peke yao kwa kelele. Kafeini inakaa mu mwili saa mingi. Kisha saa tano hivi, nusu yake ingali ndani. Chai nyeusi ikunywe mwanzo wa kazi. Ukirudi, kunywa sitroneli ao rooibos. Mtu asiyelala vizuri ni mtu anayeumia kazini, na kila mchimbaji anajua hilo.

Mapafu hayafuliwi kama nguo

Sasa tufike ku neno gumu. Wazee mingi wa kazi walisema maziwa yanaosha vumbi mu mapafu. Leo maziwa yamepumzika, na tizani imechukua kiti chake. Tunaambiwa tangawisi na limau «zinakwangula» vumbi, na mtu anatosha makohozi, anafurahi, anasema unaona, vumbi linatoka.

Ndugu, kitu unachokunywa kinashuka mu tumbo. Vumbi la jiwe linaingia kwa njia ya pumzi, na yale madogo sana, yasiyoonekana kwa macho, yanafika mwisho kabisa wa mapafu. Kule yanaleta vidonda, na vidonda vinaacha makovu magumu. Ugonjwa huo unaitwa silikozi. Kovu halitoke kwa tangawisi, halitoke kwa maziwa, na hata daktari hana dawa ya kulifuta. Kinywaji cha moto kinalainisha koo na kinasaidia makohozi ya juu kutoka. Hiyo ni kweli, na inatuliza. Lakini anayeona makohozi yametoka akafikiri mapafu yamesafishwa, kesho ataacha maski. Pale njo hatari inapoanza.

Kinga ya vumbi ni kumwagia jiwe maji mbele ya kulivunja, ni hewa inayotembea mu shimo, ni maski inayofunga vizuri uso, ni kubadilisha nguo za kazi mbele ya kukumbatia mtoto. Na kama kikohozi kimepita wiki mbili, dispanseri, kwa sababu kifua kikuu nacho kinapenda watu wa migodi, na kile kiko na dawa inayoponyesha.

Ua la shaba linatufundisha

Kila mtu aliyetembea ku vilima vya shaba anajua kwamba pale miti mikubwa haioti. Kunaota nyasi na maua madogo, na wachimbaji wa zamani waliyafuata ili kupata shaba chini. Wataalamu wanataja sana mamea mbili, Haumaniastrum katangense na Haumaniastrum robertii, wanayaita maua ya shaba. Hata mahali wazee wetu waliyeyusha shaba karne zilizopita, maua haya yameonyesha njia kwa wanaochimbua mambo ya kale. Na sasa sikieni: maua haya ni ya jamaa ya menti. Ni ndugu wa majani yale yale tunayotia mu kikombe. Na Haumaniastrum robertii inajulikana kwa kubeba kobalti mingi mu majani yake.

Ua hili linatuambia nini? Kwamba jani linabeba kile kilicho mu udongo. Si majani yote yanabeba sawa, lakini hakuna jani linaloota mu udongo wenye metali likabaki halina habari. Na kama udongo haukulipa metali, upepo utaleta vumbi juu yake.

Hapa kwetu habari hii si ya mbali. Shaba ilianza kuyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911, na kwa miaka mingi moshi ulifuata upepo na kuangusha metali ku udongo wa upande mmoja wa muji, mpaka miti ilikufa. Mwaka 2009, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti mingi sana mu mkojo, na watoto zaidi. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2014, ulitafuta kobalti ile inapita wapi. Njia kubwa zilikuwa chakula, zaidi mboga za pale pale, na vumbi.

Fikiri basi. Mama ananunua majani kwa kusudi la kutosha metali mu mwili wa bwana yake. Lakini majani yale yamelimwa kando ya kiwanda, ao yamekaushwa juu ya bati pembeni ya barabara ya malori ya madini. Anachemsha, baba anakunywa. Alitaka kutosha, kumbe ameongeza. Na hakuna tizani iliyohakikishwa kwamba inatosha kobalti mu mwili wa mtu. Figo zenyewe zinafanya kazi hiyo, polepole, kama mtu ameacha kuingiza ingine na anakunywa maji safi ya kutosha.

Maji na nzungu

Kuna kosa moja ambalo tunalisikia kila mahali: «Maji haya nimechemsha, haiko na shida.» Kuchemsha kunaua mikrobi. Ni jambo kubwa, na tuendelee kuchemsha, kwa sababu kolera haina huruma. Lakini metali haife. Haina roho. Maji yanapochemka sana mvuke unaondoka, metali inabaki, na maji yaliyobaki mu nzungu yanakuwa mazito zaidi kwa metali kuliko ya kwanza. Kama kisima kiko chini ya kiwanda ao karibu na mahali bakrezeri wanasafishia mawe, maji yale si ya chai, hata yachemke saa nzima. Tafuta maji mahali pengine, hata kama ni mbali.

Nzungu nayo ina neno lake. Bisapu na limau ziko na ukali. Ukali ule unakula aluminiamu polepole. Nzungu zinazoyeyushwa ku mtaa zinatoka ku vyuma vya kila aina, vipande vya mashini na vingine vya takataka, na uchunguzi uliofanywa Kameruni ulikuta zinaweza kutoa plombi mu chakula, madini yale mabaya kwa akili ya mtoto. Bisapu, basi, ipikwe mu sufuria ya emaye ao ya inoksi. Na isilale mu nzungu usiku mzima; iwekwe mu chupa ya kioo ao mu ndoo safi ya plastiki ya chakula.

Jani na dawa

Hatudharau majani. Kwinini, iliyookoa watu wengi, inatoka mu ganda la mti wa kinkina, na mti huo unalimwa hapa inchini, Kivu. Dawa ya leo ya malaria nayo ilitoka mu jani la artemisia. Lakini angalia vile ganda na jani vilikuwa dawa: watu walitosha kile kinachofanya kazi, wakakipima, wakajua mtu mzima anapewa ngapi na mtoto anapewa ngapi.

Kikombe hakina kipimo hicho. Jani la shamba hili ni kali, la shamba lile ni dhaifu. Leo umetia mkono mmoja, kesho nusu. Shirika la Afya Ulimwenguni lilisema mwaka 2019 kwamba halikubali tizani ya artemisia kwa kutibu ao kuzuia malaria. Sababu ni mbili: mgonjwa anaweza kupata dawa isiyotosha, na mdudu aliyeonja dawa kidogo bila kufa anajifunza kuishinda. Inchi yetu ni ya pili mu dunia kwa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria. Mtoto akiwa na homa, mama, usikae siku mbili ukichemsha majani. Peleka dispanseri, wapime damu, apewe vidonge. Sitroneli atakunywa akirudi.

Bisapu nayo inashusha tansio kidogo. Imechunguzwa na ni kweli. Kwa hiyo mtu mwenye tansio asitupe vidonge kwa sababu ya bisapu, na anayekunywa bisapu mingi pamoja na vidonge amwambie daktari, isije ikashuka kupita kiasi. Mwanamke mwenye mimba asikunywe tizani kali kwa maneno ya jirani. Aulize kwanza mkunga. Chai nyeusi pamoja na chakula inazuia mwili kuchukua chuma iliyo mu mboga na maharagi. Kwa mama mwenye mimba na kwa mtoto aliyepungukiwa damu, ngoja saa moja ao mbili kisha kula.

Na zile paketi za «kupunguza tumbo»? Soma kama kuna neno séné. Jani hilo linaharisha. Tumbo linapungua kwa sababu maji na chumvi vimetoka. Mtu aliyekunywa hiyo asubuhi kisha akashuka mu joto la shimo anaweza kuanguka.

Namna ya kufanya nyumbani

Shina moja la sitroneli ku kiwanja, mbali na barabara na mbali na choo, linatosha familia. Kama udongo wa mtaa wako ni wa mashaka, panda mu ndoo ya zamani ya plastiki iliyotobolewa chini, na utie udongo uliotoka mbali na kiwanda. Kata majani asubuhi, yaoshe mu maji safi mara mbili ao tatu, maana vumbi la juu linatoka kwa kuosha. Lile lililo ndani ya jani halitoke. Kausha mu kivuli ndani ya nyumba, si pembeni ya barabara. Maji yakichemka, ondoa ku mbabula, tia majani, funika, ngoja dakika 10. Tangawisi ni kipande kidogo kama kidole gumba kwa lita moja. Sukari itoke mwisho, na kijiko kiwe kidogo.

Ukinunua ku soko, uliza muuzaji: «Mama, majani haya yametoka wapi?» Si matusi. Yule aliyeleta kutoka kijiji cha mbali atajibu na furaha, na atajua wateja wanajali. Wake za wachimbaji wanaotafuta biashara ndogo, hapa kuna mlango: sitroneli na ngai-ngai zilizolimwa mahali safi, zimekaushwa kivulini, zimefungwa mu karatasi safi, na jina la kijiji limeandikwa. Bei ya kobalti inapanda na kushuka bila kutuuliza. Kikombe cha asubuhi kinahitajika kila siku.

Tukunywe basi tizani zetu. Zinapoza koo, zinakaribisha wageni, zinatoa mtu mu pombe na mu sukari mingi. Lakini maski ibaki ku uso, mtoto wa homa aende dispanseri, na maji ya kisima cha kiwandani yabaki kule kule. Muuzaji akikuambia kwamba jani lake linasafisha vumbi la miaka 20 mu wiki mbili, mushukuru, na ushike franka zako.